Kabula Atakuwa Daktari

Jumatatu, 7 Aprili

Siku mbaya. Kabula, binti yangu wa kwanza, kafaulu kidato cha nne, na nimeshawatangazia watu wote wa Lalago kwamba atakuwa daktari. Leo ananiambia amechagua chuo cha mifugo. Ng'ombe! Likizo zote alikuwa anamfuata bwana mifugo, mimi nikadhani anapunga upepo. Na jirani yangu Mahona, ambaye mwanawe anasomea uinjinia Dodoma, nitamtazamaje? Mke wangu Domitila kasema nimwache mtoto. Simwachi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimekwenda mjini kwa siri, steshenari, kubadilisha chaguo lake kwenye mfumo wa kuomba vyuo. Dada wa kompyuta kaniuliza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Nikasema msimu wa kuvuna pamba. Kasema mfumo haupokei pamba. Tukabahatisha mara tatu, ukajifunga. Nimerudi na soda tumboni, basi.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Mbinu mpya: aibu. Baada ya misa nimemtambulisha kwa sauti: Daktari Kabula! Atakataaje mbele ya watu? Papo hapo mzee Sayi akapandisha suruali aonyeshe goti. Bibi mmoja akatoa ulimi. Kabula kawaelekeza kituo cha afya kwa heshima. Mimi kaniangalia kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena.

Saa nane Mahona kaja mbio. Mtamba wake ameshindwa kuzaa tangu asubuhi, bwana mifugo yuko Maswa, daktari aje. Nikasema wangu ni wa watu! Kumbe Kabula keshafika zizini, anajipaka sabuni mkono mzima hadi begani. Mguu wa ndama ulikuwa umejikunja ndani. Mimi nikapewa kamba nishike. Nikaona damu. Nikazimia.

Nilipofumbua macho ndama kasimama, mimi bado. Mahona, kofia mkononi, anamwita binti yangu daktari, na hatanii. Kabula analia huku anacheka.

"Baba," akasema, "hii ndiyo kazi yangu."

Nimemwambia aende chuo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimelala fofofo. Asubuhi Mahona kapita na kibuyu cha maziwa, kanisalimu kwa Kisukuma: "Mwangaluka, baba wa daktari!" Raha iliyoje! Sasa nimeelewa. Mtoto achague mwenyewe. Sitaingilia tena kamwe.

Mchana Martha, kitindamimba wetu wa darasa la kwanza, kahesabu kuku hadi ishirini bila kuruka hata mmoja. Nimeshamwambia Mahona: huyu ni rubani. Domitila bado hajui. Martha naye bado.