Mpira Ndani ya Unga wa Mama Mkwe

Leo nimempaka mama mkwe wangu unga wa muhogo, kutoka kichwani mpaka miguuni, kwa fimbo ya gofu. Wazungu wakapiga makofi.

Ninyi wenzangu wa shule mlioko Bukavu mtaletewa habari hii kwa namna nyingi. Ipokeeni kwanza kwangu, niliyekuwa ndani ya suti.

Nianze mwanzo. Hapa Uvira wazungu wana kiwanja cha gofu kando ya ziwa. Unapiga kijipira cheupe kwa fimbo mpaka kiingie shimoni, halafu unakitoa na kuanza tena. (Msiniulize kwa nini.) Mwaka huu wachezaji wamepungua. Wengi wanavuka mpaka kwenda Usumbura, ambako majani ni laini zaidi na bia ni baridi zaidi. Ng'ombe wakaanza kurudi kiwanjani. Hapo ndipo wazungu walipokumbuka kwamba sisi ni ndugu zao.

Mkubwa wa gofu ni meneja mmoja wa pamba. Tunamwita Bwana Upesi, kwa sababu neno hilo ndilo Kiswahili chake chote. Mengine anasema kwa Kifaransa. Alikuja kwenye Serkle yetu, chama cha waevolue, yaani sisi weusi tuliosoma, wenye tai na baiskeli.

"Gofu sasa ni ya wote!" alisema. "Nileteeni wachezaji wapya. Upesi!"

Mimi ndimi katibu wa Serkle. Tena ndimi ninayepeleka habari za Uvira kwenye gazeti la misioni. Basi nikateuliwa kuwaleta watu, na kupiga mpira wa kwanza. Nilivimba kama andazi.

Lakini lazima mjue jambo moja. Mke wangu, Yozefina, amerudi kwao, mtaa wa Kasenga, hapa hapa Uvira. Alisema hawezi kukaa na mwanaume anayeshinda Serkle kila Jumamosi, kisha anarudi nyumbani kuwasemesha kuku Kifaransa. (Kuku mmoja tu.) Kesho, baada ya misa, baba yangu mdogo, Petro, alikuwa aende kumwombea arudi. Kila kitu kilikuwa kinangoja neno la mama mkwe.

Jina lake siliandiki, mnajua sababu. Kwetu mkwe hataji jina la mama mkwe, hamtazami usoni, hamsemeshi. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini.

Leo mchana tukafika kiwanjani. Suti nyeusi, viatu vinang'aa. Siku zote mlinzi huwafukuza wanawake wanaoanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, na muhogo kwenye yale majani mafupi. Leo alikuwa ameambiwa: kwa ajili ya udugu, asifukuzwe mtu mweusi yeyote. Habari hiyo ilikuwa imefika Kasenga kabla sisi hatujafika kiwanjani. Kiwanja kizima kilikuwa kimetandazwa ndagala! Wazungu walitembea katikati yake wakitabasamu kwa meno, pua zimefungwa.

Bwana Upesi alinipa fimbo. Nikaishika kwa ncha za vidole, mbali na suti.

"Katibu, piga tu," alisema Anselmi, mwalimu, rafiki yangu. "Iko mupira, haiko nyoka."

Nikapiga. Mpira haukwenda mbele. Ulikwenda kulia, juu sana, kama kunguru aliyekumbuka kitu nyumbani. Ukashuka kwenye mkeka wa mama mmoja aliyekuwa anachekecha unga. Puf! Ukazama katikati ya lundo. Mpira mweupe, unga mweupe.

Yule mama akainua kichwa. Nikainamisha changu. Alikuwa yeye.

Akajifunika kitenge usoni na kunigeuzia mgongo, kama desturi inavyotaka. Nami nikamgeuzia wangu. Wenzangu wote wa Serkle, hata wale wanaokula kwa uma na kisu, wakatazama ziwa.

"Endelea!" alisema Bwana Upesi. "Mpira unapigwa pale ulipolala. Na anayeupiga ni yule yule. Bila kuugusa kwa mkono. Ndiyo sheria."

Nikamweleza kwamba pale haiwezekani, yule ni mama wa mke wangu.

Uso wake ukang'aa. "Familia! Vizuri sana! Upesi!"

Nikamnong'oneza Anselmi aende badala yangu.

"Minye? Mama mukwe iko wa nani?"

Upande mmoja sheria ya wazungu, upande mwingine sheria ya mababu. Nikatafuta njia ya kuzitii zote mbili. (Elimu hii!) Nikavuta kofia mpaka puani, nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mkeka, kama kaa. Nilipohisi unga chini ya kisigino, nikachungulia kwapani, nikaona weupe, nikazungusha fimbo.

Upepo wa ziwa ulikuwa ukingoja wakati huo huo.

Nilipofumbua macho, suti ilikuwa nyeupe. Mama mkwe alikuwa mweupe. Mbuzi aliyekuwa akipita alikuwa mweupe. Mpira haukuonekana.

"Bravo!" wakapiga makofi wazungu.

Mama mkwe hakunisemesha mimi. Hilo ni mwiko. Aliusemesha ungo wake, kwa sauti ya kusikika mpaka Sange, mji wa jirani.

"Ee ungo wangu! Uliza ule muntu: kwabo banapigaka chakula na fimbo? Na mutoto wangu je, alikuwa anamupigaka na nini?"

Jasho likanitoka, likachanganyika na unga. Nilikuwa naanza kuwa ugali. Nami nikaisemesha fimbo:

"Weye fimbo, mwambie ungo: minye sijamupiga Yozefina hata siku moja!"

"Ungo, umesikia? Leo fimbo inatoa ushahidi!"

Bwana Upesi akauliza mama anasema nini. Anselmi, Mungu amsamehe, akajibu kwa Kifaransa safi: "Anasema mchezo umempendeza."

Lo! Bwana Upesi akatangaza kwamba mchezaji wa kwanza mpya amepatikana, tena mwanamke. Akainyakua fimbo mkononi mwangu, akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Mama mkwe akaipokea. Akakunja mkeka na unga wote, mpira ukiwa ndani, akajitwika, akaenda zake Kasenga na fimbo begani.

Wenzangu walipoulizwa nani anafuata, kila mmoja alikuwa na goti linalouma. Kwa hiyo, kama mtasoma gazetini kwamba gofu imepata mchezaji mpya Uvira, ni kweli. Ni mmoja. Ni yeye.

Jioni hii nimemwendea baba mdogo Petro. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Kukanyaga kivuli cha mama mkwe, najua dawa yake. Kula mbele yake, najua. Lakini kumupiga na unga kwa fimbo ya bazungu? Hata mababu hawakuiwazia hiyo."

Hajasema kama kesho atakwenda. Viatu vyake ameviweka mlangoni, lakini hajavipaka rangi.

Tafadhali, mkicheka, chekeni Bukavu huko huko, sauti isifike Kasenga. Huko uko mpira, iko fimbo, na yuko mke wangu.