Sauti ya Jonas kwa Spika ya Saluni

Marafiki, leo nimeaibika mbele ya watu, na ni kidole changu mwenyewe kilichoniaibisha.

Mnajua nasuka nywele kwa saluni ya Mama Shiru hapa Kawangware. Mnajua pia Jonas, Mjerumani wangu, aliyekuja Kibera na mradi wa maji akaondoka akiongea Kiswahili na kuniachia pete. Tangu aende, ni viza tu. Tuoane hapa kwanza niombe viza ya mke, ama niombe ya mchumba tukaoane kwao? Tuliamua ya mchumba. Nikaambiwa lazima nipite mtihani wa Kijerumani. Nikaanguka. Nikarudia, nikaanguka tena. (Najua kuomba mkate na kuuliza stesheni iko wapi. Kumbe haitoshi.)

Juzi nikapita. Nikamtumia Jonas picha ya cheti, nikaanza kuaga Kianda nzima, mtaa ninaoishi huku Kibera.

Leo asubuhi nilikuwa namsuka Mama Brayo, mteja ambaye haamini chochote. Akataka kujua kama huyo Jonas ni mtu kweli ama ni wale wa mtandaoni. Hapo hapo ujumbe wa sauti ukaingia. Jonas! Nikajua ni tarehe ya mahojiano ya viza ubalozini. Mtu mwenye akili angetoka nje asikilize peke yake. Mimi nikaunganisha simu na ile spika kubwa ya saluni, nikaomba watu wanyamaze, nikabonyeza.

"Habari mpenzi." Saluni ikashangilia, hata Mama Brayo. "Pongezi kwa mtihani. Mimi nasikia vibaya sana. Ilikuwa niseme kabla ya mtihani. Mimi siwezi kungoja tena. Kuna mtu mwingine hapa. Tafadhali, usikuje."

(Usikuje. Hilo neno nilimfundisha mimi.)

Hakuna aliyecheka. Mama Shiru alikimbilia spika aizime, akaongeza sauti, kwa hivyo ile "nisamehe" ya mwisho ilifika hadi kwa kinyozi ng'ambo ya barabara.

Nilibaki nimesimama, mikono kwa nywele za Mama Brayo, nusu ya kichwa ikiwa bado. Machozi yakaanza kumdondokea utosini. Nikamwomba msamaha, nikamwambia atafutiwe mtu mwingine ammalizie. Akakataa, akanishika mkono.

"Lia ukisuka, mami. Mimi siendi mahali."

Nikalia nikisuka. Ile mistari imepinda vibaya, na huyo mama ambaye hulalamikia kila kitu alijiangalia kwa kioo, akasema ni poa. Hapo ndipo nililia zaidi. Mama Shiru akanipa chai, akanituma nyumbani.

Sasa niko kwa nyumba, nimejifungia. Mamangu anapiga simu kutoka Kakamega, bila shaka anataka kujua aje lini kunisindikiza. Sijashika. Nikishika nitamwambia nini?

Nyinyi chekeni tu. Lakini chekeni polepole, kuta za huku ni za mabati, na majirani niliowaaga bado hawajajua.