Nimepata Jiko

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu amekuja asubuhi, amekagua jikoni, ametoa hukumu. Nihamie kwake. Ana chumba cha nyuma, kina kitanda na dirisha. Mimi nina miaka sitini na tisa na nyumba nzima.

Ushahidi wake: sufuria moja nyeusi, pazia lililoungua nusu, alama ya moshi ukutani yenye upana wa mikono miwili. Sikubishana na ushahidi. Ni kweli Alhamisi iliyopita niliacha maharage kwenye gesi, nikatoka kibarazani kusikiliza taarifa ya habari ya saa saba. Taarifa ilikuwa ndefu.

Nimeandika habari za moto miaka thelathini na mmoja. Nyumba, maghala, soko zima. Sijawahi kuwa habari yenyewe.

Aliyempigia binti simu ni jirani yangu, Mwalimu mstaafu, ambaye ukuta wake ni mfupi kuliko shingo yake. Aliomba asitajwe. Namtaja.

Nimeomba muda hadi Jumapili. Binti akauliza Jumapili kutakuwa na nini. Nikasema atakuja kula hapa saa saba na atajionea. Sikumwambia mpango. Mpango ukisemwa unachacha. Akasema sawa Baba, lakini nikishindwa, jioni hiyohiyo tunapakia. Yeye ni muuguzi. Akisema jioni, ni jioni.

Mama yake alifia chumba cha mbele. Sitoki.

Jumanne, 5 Machi

Nimenunua jiko! La induksheni. Muuzaji analiita jiko la sumaku. Halina moto. Ni kioo cheusi, bapa kama meza ya karani, na vitufe vya kugusa. Nimemwuliza muuzaji maswali kumi na moja. Alianza kuangalia saa kwenye la saba. Kwa ufupi: chini ya kioo kuna waya uliozungushwa, waya unaisisimua sufuria, na sufuria ndiyo inayopata joto. Ukiondoa sufuria, jiko linalia na kujizima. Pazia halina pa kuungulia. Kesi imekwisha.

Nimewaandikia binti na dada yangu mkubwa ujumbe mmoja: “Nimepata jiko. Jipya. Halina moshi wala kelele, ukiligusa tu linaitika. Njooni Jumapili mlione.” Maneno kumi na matatu. Mhariri wangu wa zamani asingepata hata moja la kukata.

Jumatano, 6 Machi

Binti amejibu. Anasema amelia kwa furaha. Anasema kama kweli nimepata jiko, basi hakuna sababu ya kuhama, na chumba cha nyuma ataweka cherehani. Kulia kwa ajili ya kifaa cha umeme ni kupita kiasi. Lakini wauguzi huona mengi.

Nimeshinda kabla ya kupika!

Jikoni mambo ni mengine. Nimeweka sufuria ya maji, nimegusa kitufe. Jiko limelia mara nne, limeandika E0, limezima. Nimebadilisha sufuria. E0. Nimefungua kitabu cha maelekezo, ukurasa wa sita: chombo kinachofaa ni kile kinachoshika sumaku chini. Nimebandua sumaku ya friji, nikapita nayo kabatini kama mpelelezi. Sufuria saba, zote alumini. Sumaku imeanguka mara saba. Iliyoshika ni kikaango cha chuma peke yake.

Hapo nikapata wazo. Kikaango chini, sufuria ya alumini juu yake. Kikaango kipate joto, kimpe jirani yake wa juu. Nikaweka nguvu ya mwisho kabisa.

Dakika ya tatu, kikaango kimebadilika rangi. Dakika ya tano, jiko limeandika E3 na kujizima. Ukurasa wa kumi na nne: chombo kimezidi joto, usiweke chombo juu ya chombo. Maji ya juu yalikuwa vuguvugu, ya kuogeshea mtoto.

Nikainua kikaango na kupangusa kioo papo hapo. Muuzaji alisema kioo hakipati joto. Kioo hupata joto kutoka kwa chombo, kwa hiyo kinaunguza baadaye, kimyakimya, bila kubadilisha rangi. Hilo liko ukurasa wa tatu. Nilianzia wa sita. Vidole viwili.

Alhamisi, 7 Machi

Nimenunua sufuria ya chuma cha pua. Chini bapa, inashika sumaku. Maji ya chai yamechemka kwa dakika mbili na nusu. Nimepima mara tatu. Kwenye gesi ilikuwa sita.

Lakini ili meza isichafuke, nikatandika gazeti la zamani chini ya jiko. Toleo lenye habari yangu ukurasa wa mbele, ya ghala la pamba. Feni ya jiko iko chini yake, inavuta hewa. Ikavuta ghala la pamba. Jiko likapumua kama mtu aliyefunikwa mto, likajizima. Kitabu kinasema pasiwekwe kitu chini yake, na ukuta uwe mbali kiganja kimoja kila upande. Kinasema pia lichomekwe kwenye soketi yake peke yake, lisishiriki ekstensheni na friji. Lilikuwa linashiriki. Nimehamisha friji. Mgongo unauma.

Mwalimu amechungulia ukutani, akataka kuja kuona. Nikamwambia kitabu kinawaonya wenye kifaa cha kusaidia moyo wasisogelee kabla ya kuuliza daktari. Akasema hana kifaa. Nikamwambia akapime kwanza, hakuna haraka.

Ijumaa, 8 Machi

Dada yangu amepiga simu. Ana miaka sabini na minne na ananiita mtoto. Nayaandika mazungumzo yote kwa sababu yamenitatiza.

Aliuliza jiko nimelipata wapi. Nikasema dukani, mjini. Akacheka, akasema siku hizi watu wanakutana popote. Akauliza ni la umri gani. Nikasema jipya kabisa, nimelifungua mwenyewe. Akapaza sauti: “Ishia hapo, mdogo wangu! Mimi ni dada yako!”

Akauliza kama linajua kupika. Nikasema linajua, ila vyombo vya marehemu halivitaki hata kimoja. Dada akasema kwa upole nisivitupe, nivifungie sandukuni, wote huwa hivyo mwanzoni. Akauliza kuhusu hasira. Swali la ajabu, lakini nikajibu kwa usahihi: kwa nje halionyeshi kitu, ila ukilishika mapema linakuunguza. Akasema anawajua wa namna hiyo, nimwachie yeye.

Akasema pia amefurahi. Kwamba miaka mitatu amekuwa akiniombea. Sauti yake ilibadilika. Sikujua Dada anajali hivyo habari ya umeme.

Jumamosi, 9 Machi

Saa tatu asubuhi Mwalimu amepitisha mkono juu ya ukuta, akaushika wangu, akanitikisa hadi bega. Hongera, bwana harusi! Amesikia kwa Dada. Akauliza mbona bibi harusi haonekani, au ndiyo maana namzuia asiingie jikoni.

Nimerudi ndani, nimesoma tena ujumbe wangu. Nimepata jiko.

Mtu akisema amepata jiko, ameoa. Nimelijua hilo tangu shule ya msingi. Nimehudhuria harusi zisizopungua mia na katika kila moja kuna mjomba aliyesimama kusema hivyo na watu wakacheka. Miaka thelathini na mmoja ya kutafuta maana ya pili katika vichwa vya habari vya wenzangu!

Nimekaa na jambo hili hadi adhuhuri. Binti hakulia kwa ajili ya kioo cheusi. Alilia kwa sababu alidhani baba yake hayuko peke yake. Nikimwambia ukweli, chumba cha nyuma kinarudi, cherehani inatoka.

Uamuzi: sitadanganya. Sitasahihisha tu. Gazeti letu lilikuwa na safu ya masahihisho ukurasa wa kumi na tisa. Hakuna aliyewahi kuisoma.

Mpango. Mwenye mgahawa wa kona, mama wa makamo asiye na maneno mengi, atapika wali na maharage, alete saa sita na nusu kwa mlango wa nyuma. Nitavihamishia kwenye sufuria mpya na kuvipasha. Wageni watakuta chakula kitamu na mpishi ametoka. Nitasema ameitwa ghafla. Sitasema na nani.

Jumapili, 10 Machi

Saa sita na nusu, hakuna mtu. Saa saba kasoro dakika kumi, Dada na binti wamefika mapema. Dada alikuwa amevaa nguo ya sherehe na viatu vinavyombana. Binti alikuwa amesuka upya. Alikuwa na uso ambao sijauona tangu mazishi. Nauandika nilivyouona: umelegea, kama wa mtu aliyetua ndoo.

Saa saba kamili, hodi. Mlango wa mbele. Mwenye mgahawa, na sufuria mbili na kanga mpya kiunoni. Akiondoka alinieleza kwamba yeye hapiti milango ya nyuma, hakuiba kitu.

Dada alipiga vigelegele kabla mlango haujafunguka vizuri. Akamkumbatia, sufuria na vyote. Akamwita wifi. Akamwambia nyumba hii ni yake, ila ajihadhari, mimi nakoroma na ni mbishi. Ukutani shingo ya Mwalimu ilirefuka, akapiga makofi.

Mwenye mgahawa hakubabaika. Alingoja kelele ziishe. Akasema mume anaye, yuko mgahawani anaosha vikombe, na vikombe akivisimamia peke yake vinavunjika. Yeye ameleta wali wa watu wanne. Akaweka sufuria mezani, akaomba arudishiwe Jumatatu, akaondoka.

Dada aliketi akavua viatu.

Binti alikwenda jikoni. Nilimsikia akifunua kurasa. Aliporudi alikuwa na kitabu cha maelekezo. Akauliza, kwa sauti anayotumia wodini, kama jiko ni lile la mezani. Nikasema ndilo. Akauliza nilijua lini walichoelewa. Nikasema jana, saa tatu asubuhi. Akauliza kwa nini nikanyamaza. Nikasema kwa sababu yeye alikuwa amefurahi, nami nilikuwa nimebaki na nyumba, na mambo hayo mawili hayajawahi kutokea wiki moja.

Dada akasema lione. Kwa sekunde moja sikujua anamaanisha nani.

Binti hakula wali wa mgahawa. Akasema Baba, pika. Akavuta kiti mlangoni.

Nikapika. Nilipangusa kioo na chini ya sufuria, vyote vikavu. Nikaweka sufuria katikati ya duara lililochorwa kwenye kioo. Maji kwanza, joto baadaye. Chombo kitupu hakiwashiwi. Nguvu ya kati. Kijiko cha chuma na mfuniko nikaviweka mbali na kioo. Mchele ulipochemka nikashusha hadi namba mbili, na jiko lilitii mara moja, bila ile tabia ya gesi ya kuendelea kunung’unika. Sikutoka. Taarifa ya habari ilikuwa bado inaendelea kibarazani kwa Mwalimu, sauti ya juu kabisa, nadhani makusudi. Sikugeuka.

Binti akasimama, akainua sufuria ghafla. Jiko likalia, likazima. Akairudisha, akawasha, akainua tena. Likazima. Mara tatu. Alikuwa analipima kama mgonjwa. Nikazima mwenyewe, nikaacha feni izunguke hadi ikanyamaza, ndipo nikachomoa waya. Kioo sikugusa. Nikamwonyesha vidole viwili, nikasema ni uzoefu.

Walikula. Wali ulikuwa mkavu kidogo. Dada alikula mara mbili, hakusema neno, na kwa Dada hiyo ni hotuba.

Hukumu ya pili ya binti: nabaki. Mtungi wa gesi umeondoka ndani ya gari lake. Sharti moja. Kila nikimaliza kupika, nimwandikie neno moja: Nimezima. Siku asipolipata, anakuja na sanduku. Nikauliza hadi lini. Akasema hadi atakapopata usingizi. Kisha akanishika bega, mkono ukakaa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akasema aliufurahia ule uongo siku nne nzima, na hilo ndilo linalomkera.

Niliosha vyombo.

Jumatatu, 11 Machi

Siku njema. Nyumba ni yangu. Nimerudisha sufuria za mgahawa kwa mlango wa mbele.

Nimelitafakari sharti la binti. Ni la haki, lakini lina usumbufu. Mtu anapika, anakula, anasahau kuandika, na kwa kosa la uandishi anapoteza nyumba. Ni hatari isiyo ya lazima. Nimegundua simu hii inaweza kupangiwa ujumbe utoke wenyewe siku na saa unayotaka. Kwa nini nisiandike wiki nzima kwa mkupuo mmoja? Atapata usingizi wake kwa ratiba.

Wa leo nimeutuma tayari, kuondoa wasiwasi. Mchele ndiyo kwanza nimeuweka.

Nimeketi kibarazani, kuna upepo mzuri. Jumanne, saa saba na nusu: Nimezima. Jumatano, saa saba na dakika ishirini na tano: Nimezima, kioo kimepoa. Maelezo madogo ndiyo yanayofanya habari iaminike. Alhamisi: Nimezima, feni imetulia.

Kuna kitu kinalia jikoni. Pii, pii, pii. Nitakwenda kukiangalia. Kwanza nimalize Ijumaa.