Nilivyompima Mavyaa Mafuta Yake ya Nazi

Jamani, leo nimetahayari. Tena mbele ya mavyaa wangu, mama mzaa mume!

Mnajua nafanya kazi maabara, hapa chuoni Kilifi. Kuna mashine yangu mpya ya kupima mafuta yanaganda kwenye joto gani. (Ni ya chuo, lakini asiiguse mtu.) Mavyaa na kina mama wenzake wa Junju hutengeneza mafuta ya nazi. Leo wameyaleta yapimwe mbele ya mnunuzi, bwana mmoja mwenye hoteli Malindi. Yakiwa halisi, anachukua yote. Bwana mwenyewe kanzu nyeupe pepepe!

Nikavaa koti langu, nikajiweka kama waziri. Nikamimina mafuta kwenye kichupa cha kioo, nikakisimamisha ndani ya maji yanayopozwa na mashine. Nikatia vipimajoto viwili vya waya: kimoja kwenye mafuta, kimoja kwenye maji.

"Tazameni huu mstari kwenye skrini," nikawaambia. "Joto litashuka. Mafuta ya nazi yakianza kuganda, mstari utasita kidogo. Usiposita, yamechanganywa."

Mstari ukashuka. Ukashuka. Haukusita popote.

Nikakohoa. (Kile kikohozi cha daktari mwenye habari mbaya.)

"Poleni, kina mama. Haya si mafuta ya nazi matupu."

Mavyaa akaikaza leso yake kiunoni. Hapo ndipo ningeogopa, lau ningekuwa na akili.

"Riziki, waniita mwizi mbele za watu?"

"Si mimi, Mama. Ni mashine."

"Nazi nimezikuna mwenyewe mpaka mkono ukafa ganzi!"

"Mama, hata hayajaganda. Ngoja uone yanavyomwagika."

Nikakichomoa kichupa huku macho nimewakazia wao, nikakipindua juu ya bakuli kwa madaha. Hakikumwaga kitu. Nikatikisa. Wapi! Nikatikisa kwa nguvu zangu zote. Pwaa! Donge jeupe likatoka zima na waya wake, likabembea hewani kama aiskrimu ya kijiti, likamtua mnunuzi kifuani. Kisha likateleza, taratibu, mpaka tumboni.

Nikageukia mashine. Waya wa mafuta sikuuchomeka! Skrini ilikuwa inasoma ule wa maji. Yaani muda wote nimepima maji ya bomba, nikayatangaza hadharani kuwa si mafuta ya nazi. (Na hapo sikukosea hata kidogo.)

Yule bwana akapangusa kifua kwa kidole, akanusa. "Wallahi, hii ni nazi tupu. Nachukua yote."

Vigelegele! Mavyaa hakupiga. Aliniangalia tu, akasema, "Na hiyo kanzu utaifua wewe. Kwa mkono."

Basi nipo nyumbani na beseni. Utaalamu wangu haujapungua, nawaambia mapema. Ila mwenye kujua mafuta ya nazi hutokaje kwenye kanzu nyeupe, anijuze. Amalize kucheka kwanza.