Vidole vya Mzee Rondón

Jumanne, 15 Agosti

Tumefungwa. Saba kwa moja. Naandika ukweli kwa kuwa daftari hili nalisoma mwenyewe tu: mimi, Norbert Klapproth, Nobby kwa wenzangu, mtu wa video wa timu ya besiboli ya Wachoma Matofali wa Pruett, nimekaa saa tatu nzima nikimtazama mtu mmoja. Naye si wa timu yetu.

Mzee Eusebio Rondón. Mdakaji wa Vyura wa Lamberton, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira. Miaka arobaini na mmoja, magoti yamekwisha, akichuchumaa anakunja uso. Lakini vidole! Anaviteremsha katikati ya mapaja kumwelekeza mrushaji wake: kimoja ni mpira wa kasi, viwili ni mpira wa kupinda. Ligi kuu siku hizi wanabonyeza vitufe. Sisi wa ligi ya chini bado tuko kwenye vidole. Na kamera yangu, nyuma ya ukuta wa mbali, inatazama moja kwa moja hapo hapo. Iliwekwa kwa ajili ya mafunzo. Kanuni zinakataza kuitumia kuiba ishara. Walioandika kanuni hawajawahi kumwona Boskamp akihangaika na mpira wa kupinda.

Darnell Boskamp ni mpigaji wetu. Miaka ishirini na tisa, mabega kama mlango wa ghala, moyo mwepesi. Leo kapiga hewa mara tatu. Baada ya mechi Kocha Tuttle kamwambia kwamba Jumapili anakuja mtafuta vipaji kutoka timu kubwa, kumwona yeye, mara moja tu. Akifaulu, anapanda. Asipofaulu, baba mkwe anamsubiri kwenye duka la matairi, na fulana yenye jina lake imeshashonwa. Boskamp alinieleza haya huku anatafuna mbegu za alizeti na maganda yake. Hakugundua.

Siwezi kuliacha hili. Nimeng'oa kengele ya mlangoni kwangu, ile isiyo na waya.

Jumatano, 16 Agosti

Mpango ni huu. Mimi chumbani na skrini. Kitufe mkononi. Kengele imeshonwa ndani ya mkanda wa Boskamp, nimeitoa mlio, nimeiachia mtetemo. Mtetemo mmoja, mpira wa kasi. Miwili, wa kupinda. Kila mtu angeelewa.

Boskamp hakutaka. Akasema yeye huwa anautazama mpira tu, bwana Nobby, na siku akianza kufikiri mikono inakuwa mizito. Nikamuuliza duka la matairi linafunguliwa saa ngapi asubuhi. Akavaa mkanda.

Ngwe ya kwanza nikabonyeza. Boskamp akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. Mwamuzi akasimamisha mchezo na kuuliza kulikoni. Boskamp, ambaye hajui kudanganya, akasema nyuki. Mechi ikasimama dakika kumi na moja. Mchezaji mmoja wa Vyura huvimba akiumwa na nyuki, akagoma kurudi uwanjani mpaka nyuki apatikane. Watu sita wazima wakainama kwenye majani. Mzee Rondón peke yake hakutafuta. Alisimama, mikono kiunoni, anamtazama Boskamp.

Nikapunguza nguvu kwa kipande cha kandambili. Boskamp akapiga mbili safi. Tumeshinda.

Alhamisi, 17 Agosti

Tatu! Boskamp kapiga tatu, moja imegonga ukuta. Nilikuwa nabonyeza kwa vidole viwili kama mpiga kinanda. Kocha Tuttle akasema hajui kijana kalishwa nini lakini aendelee kukila. Sikusema neno. Mwanamume hajisifu.

Dosari moja ndogo. Kila mtetemo wa mara mbili unamwasha Boskamp, naye anajikuna ubavuni. Nimeliona kwenye picha baada ya mechi. Halafu nikaona jingine: kila Boskamp anapojikuna, Mzee Rondón anageuza shingo kidogo tu, nusu ya nusu, anaangalia ule mkono.

Boskamp anasema mzee ni mtu mwema sana. Kamuuliza habari za mkewe, na kama ngozi imemsumbua siku nyingi. Kamwahidi dawa ya kupaka.

Ijumaa, 18 Agosti

Msiba. Mara nne hewani. Mzee Rondón anateremsha viwili, mimi nabonyeza mara mbili, Boskamp anajikuna, anasubiri mpira wa kupinda, na mpira wa kasi unampita kifuani. Anateremsha kimoja, unakuja wa kupinda. Ngwe tisa! Mrushaji wake mwenye miaka ishirini na miwili hakukosea hata mara moja.

Na dawa ya kupaka kaileta kweli. Kopo zima.

Nilirudia picha zote, nikatazama ile mikono kwa shauku ambayo sikuwahi kuwa nayo hata shuleni. Vidole havitetemeki. Havina haraka. Anadanganya kwa utulivu wa mtu anayemenya chungwa. Nimewaona wadakaji wengi, wengine majina yao yako kwenye mabango. Hakuna aliyefikia huyu. Nilisikia machozi yananilenga, nikafungua dirisha.

Kisha nikapata jibu. Amegeuza. Basi nami nitageuza. Kimoja nakisoma viwili, viwili navisoma kimoja. Kwisha kazi yake.

Jumamosi, 19 Agosti

Amegeuza tena.

Yaani alirudi kwenye ukweli mtupu. Kimoja, wa kasi. Viwili, wa kupinda. Mbele ya kamera, mchana kweupe, mtu mzima anasema kweli kutoka ngwe ya kwanza hadi ya tisa, na mimi peke yangu katika watu elfu mbili sikumwamini. Boskamp kapiga hewa mara nne. Mara ya mwisho alizunguka mzimamzima akapiga goti, na rungu lake la kupigia likarukia kwenye viti vya mashabiki.

Akaja chumbani kwangu, akakaa juu ya sanduku la nyaya. Akasema mkewe kapiga simu. Fulana ya dukani imeonekana kumbana mabegani, wamebadilisha saizi. Akasema, "Kaka, kesho niache nipige kwa macho yangu. Nikianguka, nianguke mwenyewe." Sauti ilikuwa ya chini sana. Nilimhurumia kwa dhati, ndiyo maana nilikataa.

Nikamwonyesha nilichogundua: Mzee akigusa goti la kushoto anasema kweli, akigusa la kulia anadanganya, akigusa yote mawili ni maumivu. Boskamp akasikiliza mpaka mwisho. Mtu mwenye hofu hukubali lolote. Kaondoka na mkanda begani.

Jumapili, 20 Agosti

Naandika kwa mpangilio.

Mtafuta vipaji alikaa safu ya nne, kofia ya majani, mkate wa soseji mkononi. Boskamp aliingia kupiga mara ya kwanza: hewa. Ya pili: hewa. Ya tatu alisimama tu, hakuinua rungu, mipira mitatu ikampita katikati. Mtafuta vipaji akafunga kijitabu chake na kumalizia soseji. Niliona kila kitu kwenye skrini.

Ngwe ya tisa, ya mwisho. Tuko nyuma kwa pointi moja, mwenzetu yuko kituo cha pili, wawili wameshatoka, akitoka wa tatu tumekwisha. Boskamp tena. Akafika pale pa kupigia, mwamuzi akainama kufagia vumbi kwa ile brashi yake ndogo, Boskamp akaonekana kama anarekebisha suruali. Akamwambia Mzee Rondón jambo. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikadhani ni habari za dawa.

Rondón akachuchumaa. Akagusa goti la kushoto. Vidole viwili. Kweli, basi! Wa kupinda! Nikabonyeza mara mbili kwa nguvu zangu zote.

Mzee Rondón akaruka.

Aliruka, mdakaji, na magoti yale, karibu shubiri nzima. Akashika mfuko wa nyuma wa suruali. Halafu akavua barakoa yake, akatazama moja kwa moja kwenye kamera yangu, mita mia na ishirini, akanipungia mkono. Nami nikampungia. Peke yangu chumbani, nampungia mtu kwenye skrini.

Akavaa barakoa. Kidole kimoja. Sikubonyeza, mikono haikuwa yangu. Mpira ulikuja wa kasi, chini, upande wa nje, mpira mbaya usiopigika, Mzee hakumpa zawadi. Boskamp akaupiga. Haukugonga ukuta. Ulipita juu ya ukuta, juu ya kamera, nikausikia ukitua kwenye bati la kibanda cha mahindi. Tumeshinda. Mtafuta vipaji alikuwa amesimama na kijitabu kimefunguka.

Nusu saa baadaye mlango ukagongwa. Mzee Rondón, nguo za nyumbani, barafu imefungwa kwenye kila goti. Akaweka mkanda mezani. Akasema Boskamp kampa pale uwanjani, kamwomba, "Nishikie hii, mzee, inanichanganya." Akasema angeweza kwenda kwa mwamuzi tangu Alhamisi, lakini angeungua yule kijana pamoja nami, na kijana hakuwa na hatia zaidi ya kunisikiliza.

Nikasubiri matusi. Hakutukana. Akavuta kiti akaniuliza Jumanne, ngwe ya sita, aliagiza Boskamp arushiwe nini. Nikamwambia: wa kasi ndani, wa kupinda chini, wa kupinda tena, wa kasi juu. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu Boskamp alikuwa amesogeza mguu wa nyuma baada ya mpira wa kwanza. Akaniuliza Ijumaa. Nikamwambia zote. Sikuigusa mashine.

Mzee akausukuma mkanda kando. Akasema, "Mwanangu, miaka ishirini na miwili nachuchumaa. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo. Hata mke wangu. Macho yote haya, na wewe unahangaika na kengele ya mlango?"

Akasema leo ndiyo mechi yake ya mwisho. Akanipa mkono. Kiganja kigumu kama ngozi ya kiatu, vidole viwili vilivyowahi kuvunjika vimepinda. Nimevishika vile vidole. Baada ya yeye kutoka nililia wazi kabisa, sioni aibu kuandika.

Jumatatu, 21 Agosti

Boskamp amepanda. Kaondoka saa mbili asubuhi na begi moja, mkewe kaenda naye, fulana ya matairi kamwachia shemeji. Kabla hajaingia garini kanikumbatia mpaka mgongo ukalia. Kasema ananipenda kama ndugu, na kama nampenda na yeye, nisimtumie kitu chochote, bwana Nobby. Chochote. Karudia mara tatu. Mtu wa shukrani namna hii utampata wapi?

Nimefikiri sana maneno ya Mzee Rondón. Alisema kweli. Macho yangu ni kipaji, na kengele ilikuwa aibu. Nimeapa kwa sauti, nimesimama, mkono kifuani: mikanda basi, sitarudia kamwe. Nikajisikia mwepesi, mtu mpya. Nikanywa kahawa nje.

Ila huko juu warushaji ni wakali, na Boskamp ni mtoto mbele yao. Mkanda kweli ulimwasha. Kosa lilikuwa ni mahali tu. Nimeapa kuhusu mikanda, sikutaja viatu. Anavaa namba kumi na nne, na kwenye soli kuna nafasi ya kutosha. Jirani yangu naye ana kengele nzuri mlangoni, isiyo na waya, na wiki hii hayupo.