Jimu Yangu ni Kinu

Jumatatu, 3 Februari

Basi hiyo mashine ya jimu ikanitupa. Sikuanguka, wacha Syombua aseme vile anataka. Nilitupwa. Unapanda, unatembea, barabara yenyewe ndiyo inakimbia, na wewe huendi pahali. Tangu lini mtu akatembea asubuhi yote na bado anaangalia ukuta ule ule? Nikasimama nipumue. Yenyewe haikusimama. Nikajipata niko chini karibu na mlango, na leso yangu iko peke yake huko juu inaendelea na safari.

Rodgers, huyo kijana wa jimu mwenye shati imemshika kama ngozi ya soseji, akaja mbio akiniita shosho. Nikamwambia shosho wako ako kwenu. Hapa Machakos nyanya anaitwa susu. Nikamwambia mimi nilianza mazoezi kabla mama yake azaliwe. Nimebeba maji na kamba ya kichwa kutoka mtoni. Nimechimba mitaro na wanawake wa mwethya, wale wa kusaidiana kazi, mlima mzima, na hakuna siku mlima ulinitupa.

Syombua alikuwa hapo juu ya baiskeli yao haina barabara. Mimi na Syombua tuliolewa na ndugu wawili. Wazee wetu walikufa, sisi tukabaki tukiangaliana juu ya ua. Yeye ni mwembamba kama mwiko na amenunua trakisuti. Alicheka hadi akashika Rodgers bega. Hiyo ya kushika bega nimeiona.

Jimu sirudi. Mafuta nitapunguzia hapa kwangu Mumbuni.

Nimepigia msichana wangu Mwelu. Akasema sawa mwaitu, yaani mama, lakini Jumanne ya wiki ijayo tunarudi kwa daktari upimwe. Kilo ikiwa haijashuka, goti haiponi, na yeye hawezi kuniacha peke yangu na goti mbaya. Nitaenda kukaa kwake Syokimau. Gorofa ya nne. Huko hakuna udongo, hakuna kuku, jirani akikohoa unajua amekula nini. Nikamwambia itashuka.

Anayeandika ni Zamzam, mpangaji wangu, fundi wa nguo, kwa sababu mimi shule niliiona kwa mlango tu. Daktari ndiye alitaka siku ziandikwe. Daktari nitamwambia kwa mdomo. Hii ni yangu. Zamzam ameahidi hatacheka, na hajacheka. Sijui ni nini inamtoa machozi.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata. Kinu.

Nitatwanga muthokoi. Unaweka mahindi, unanyunyizia maji kidogo, unatwanga hadi ngozi yote itoke. Mikono, mgongo, tumbo, yote inafanya kazi, na hakuna stima. Mama yangu alitwanga maisha yake yote na ungeweza kumpitisha chini ya mlango.

Shida ilikuwa kuku. Ile nyeusi imelalia mayai ndani ya kinu. Nikaihamisha kwa karai, yeye na mayai na nyasi yake. Akanidonoa, halafu akaniangalia kama mpangaji amefukuzwa.

Nikatwanga. Jasho ikaingia hadi kwa macho. Niliisikia hiyo mafuta ikitoka, inatoka kwa hapa mabega inashuka. Hata robo sijafika, Ndunge akapita akienda soko. Ndunge ameolewa juzi nyumba ya pili. Akaona mimi natwanga na yeye amesimama. Akatupa kikapu chini, akaninyang'anya mchi.

Nikamwambia ni mazoezi. Akasema ndio mwaitu, kaa hapo. Nikamwambia ni daktari amesema. Akasema pole sana mwaitu, kaa. Akaniuliza atapita wapi hapa Mumbuni watu wakisikia aliangalia mama ya watu akitwanga na yeye ako na mikono. Mimi mwenyewe kama ningeona msichana ameachia mzee mchi, ningemsema hadi Katangi.

Nikakaa. Akamaliza yote. Sasa, mtu akikutwangia, utamwacha aende na njaa? Nikachemsha na mbaazi. Na mgeni akikula, utamwangalia kwa mdomo? Nikakula kidogo. Nilikula kwa sufuria ndio isionekane kwa sahani.

Alhamisi, 6 Februari

Ya jana sitaki kuongea.

Leo nilipeleka kinu nyuma ya nyumba, kabla jua. Nilijua nitakuwa peke yangu. Lakini mchi haijui kunong'ona. Hata sijapasha mgongo, Ndunge huyo, na wenzake wawili wa mtaa, wamejifunga leso tayari. Wanapokezana. Wanaimba. Mimi nimewekwa kwa kiti kama bibi harusi. Kila nikiinuka wananirudisha. Ndunge amepungua hadi Zamzam amemkazia sketi. Hiyo ni mafuta yangu ilikuwa itoke, imetokea kwa mtu mwingine.

Syombua pia akaja. Yeye ni rika yangu, hana haja ya kuninyang'anya mchi. Alikaa tu akaangalia. Akasema ameona jimu mingi lakini hii ndiyo ya kwanza ambayo mwalimu ndiye anaonja.

Nikafikiria. Nikitaka kuonekana mwembamba, kuna njia mbili. Mimi nipungue, ama mtu amesimama karibu na mimi aongezeke. Nikampakulia Syombua muthokoi kutoka chini, pale imeshika sufuria na iko na avokado. Akamaliza. Nikaongeza. Akamaliza, akauliza kama kuna chai. Mimi nikamfuata sahani kwa sahani ndio asishuku.

Jioni nikamwangalia juu ya ua. Mwiko ni ule ule.

Jumamosi, 8 Februari

Kinu nimeacha kwanza. Kuku amerudi ndani yake na amenilazimisha nimrudishie mayai, kwa sababu kwa karai hakai, anapiga kelele mchana yote.

Leo ni maji. Hapa ndani niko na mfereji, Mwelu aliniwekea. Nikaufunga. Nikatoa ile kamba yangu ya kichwa, nikachukua mtungi, nikashuka kwa kibanda ya maji huko chini. Hii nilikuwa nimeifikiria vizuri. Mchi mtu anaweza kukunyang'anya. Kamba iko kwa paji ya uso, atakunyang'anya aje?

Na kweli hakuna mtu alininyang'anya. Walifanya mbaya zaidi. Walienda kusema.

Saa sita haijafika, akina mama wa kanisa wakafika na unga, sukari, na maandazi kwa beseni imefunikwa kitambaa. Wakaniambia nisijali, watoto wa siku hizi ni hivyo. Wakamwombea Mwelu kwa jina, Mungu aulainishe moyo wake akumbuke aliyemzaa. Nikasema ni mazoezi. Mmoja akanishika mkono akasema najua mama, najua, kila mtu ako na vile anaficha. Wakakataa kuondoka hadi wanione nikikula. Nikawatii. Maandazi ilikuwa ya moto.

Syombua alikuwa amepigia Mwelu simu kabla amina. Mwelu akanipigia akilia. Nikamwambia ni zoezi tu. Akaniuliza ni zoezi gani hiyo inafanya kanisa mzima imwombee yeye asamehewe.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeenda kwa Masila wa mashine ya kusaga, ile saa watu wamepungua. Ako na mizani kubwa ya magunia. Nikamwambia anipime na asiongee.

Akasukuma hiyo chuma. Akasukuma tena. Akaniangalia. Akaniambia Mama Mwelu, weka mkoba chini. Nikaweka. Akasema sasa viatu. Nikatoa. Chuma ikaenda upande ile sitaki. Nikamwambia hii mizani imezoea mahindi, haijui watu. Masila akasema mizani haiulizi umetoka wapi. Nikamkumbusha nilisema asiongee.

Lakini nimekumbuka kitu. Ile siku ya kwanza kwa daktari nilikuwa na sweta mbili na gambuti, kwa sababu ya mvua. Hizo zote zilipimwa pamoja na mimi! Kesho nitavaa dera ya Zamzam, ile ya kupepea. Zamzam anasema dera haiwezi kuficha mtu kwa mizani. Zamzam ni mzuri kwa kushona.

Jumanne, 11 Februari

Nilipanda kwa hiyo mizani na dera, bila viatu, bila hereni, na pumzi nimeishika, kwa sababu pumzi pia ni mzigo.

Imepanda.

Mwelu akaangalia mizani. Akaangalia dera. Nilikuwa nimejitayarisha anigombeze, niko na majibu yote. Hakunigombeza. Akasema mwaitu, mimi naogopa. Akasema kila simu ikilia usiku na ni namba ya Syombua, yeye hukaa chini kwanza kabla aishike. Nikasema haya, mwezi moja. Mwezi moja, si kuhama.

Sasa tuko hapa nyumbani, anaweka nguo zangu kwa gari. Syombua amesimama kwa ua yake na macho nyekundu. Anasema ni vumbi. Nimemwambia ufunguo iko kwa Zamzam, na jiko yangu asiiangalie hivyo. Akaniambia nisikae sana, atakosa mtu wa kucheka.

Nimefikiria tangu kliniki hadi hapa, na nimeona kosa iko wapi. Kosa si kinu. Kosa ni Mumbuni. Hapa watu wako na heshima mingi sana, hawakuachi ufe na jasho yako. Lakini huko Syokimau, Mwelu mwenyewe aliniambia, mtu anakaa mwaka mzima na hajui jina ya jirani. Nani ataninyang'anya mchi? Hakuna. Nitatwanga asubuhi na jioni, peke yangu, hapo gorofa ya nne, na mwezi ukiisha nitapita chini ya mlango.

Kinu iko kwa buti ya gari tayari, Ndunge na wenzake waliinyanyua Mwelu akiwa ndani anatafuta dawa yangu. Iko chini ya blanketi. Kuku alikuwa ndani na mayai yake, sikuwa na roho ya kumhamisha tena.

Zamzam anauliza, na watu wa gorofa ya tatu je, watasema nini mchi ikianza. Watauliza jina yangu, watasema nini ingine. Na wakipanda juu hawatapata sufuria tupu, mbaazi nimebeba ya kutosha.

Huyo Mwelu ananiita. Anauliza ni nini inalia kwa buti. Wacha kalamu Zamzam, kuja umshikilie huko mbele ya gari asifungue buti, umpime nguo, umwambie chochote. Naja, Mwelu, naja.