Asili ya Hambaga: Hotuba ya Kuzindua Kituo, Bawshar

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameomba radhi kwa kutofika; mwakilishi wake, ambaye yuko njiani; masheikh zetu, mabibi na mabwana, wakwe zangu, watani zangu wa Pemba, na mimi mwenyewe, Nasr bin Yaqoob, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kituo cha Asili ya Hambaga kwa mwaka wa tisa sasa: assalaam alaykum. (Wanaitikia.)

Nna furaha isiyo kifani kusimama mbele yenu katika uzinduzi huu wa kimkakati, shirikishi na endelevu. Dunia inasema hambaga imetoka Hamburg, Ujerumani, ikavuka na wahamiaji hadi Marekani, na huko ikatiwa ndani ya mkate. Sawa. Lakini Hamburg waliipata wapi? Utafiti wetu, uliofanywa kwa mahojiano ya kina na mama yangu, umethibitisha kwa asilimia tisini na saba kuwa ni kababu zetu, zilizopelekwa na bibi mmoja wa Unguja aliyeolewa na Mjerumani. (Makofi. Mzee mmoja anauliza mamako aliyajuaje.) Maswali baadaye, mzee wangu.

Asilimia tatu zilizobaki ni Wapemba, wanaodai kababu ilianzia Wete. (Vicheko, wengine wananuna.) Hilo khasa ndilo lililotuchelewesha. Tumefanya vikao sitini na viwili, kila kimoja kwa halwa na kahawa, kuamua maandishi ya mlangoni yaseme Unguja au Pemba, na hatukuona busara kujenga mlango kabla ya kujua utaandikwa nini.

Kwa namna ya pekee nampongeza Bi Kawthar, aliyefunga mgahawa wake wa Khuwair ya Kusini mwezi uliopita, baada ya mimi kumuahidi jiko la kwanza la Kituo. Simama, mwanangu, wakuone.

(Bi Kawthar anasimama. "Jiko lenyewe liko wapi, ami Nasr?")

Jiko limo kwenye mchoro, mwanangu. Na mchoro umo kwenye mchakato.

Basi semeni nami: Hambaga yetu, asili yetu! Kababu juu! ("Ya Unguja!" "Ya Wete!")

Namshukuru shemeji yangu Wael kwa kutuazima ua wa nyumba yake, maana Kituo hakijapata hata kiwanja. Na nakushukuru wewe, Bi Kawthar, kwa imani yako, kwani katika miaka yote tisa ni wewe peke yako uliyedhani tunajenga.